Upande wa Chini wa Jamvi

1

Wakutubi wana ugonjwa wao, na ugonjwa huo ni kuchukia pacha. Mpe mkutubi nakala mbili za kitabu kimoja, moja ikae rafu ya jiografia na nyingine rafu ya kilimo, hatatulia mpaka azikutanishe. Mwalimu Hidaya Shekulwavu wa Sekondari ya Kwemlinga, huko kwenye milima ya Usambara, alikuwa na ugonjwa huo tangu usichana wake, na kwa miaka ishirini na miwili alijisifia nao kama wengine wanavyojisifia ng'ombe.

Asubuhi ile ya Jumatano, lakini, hakuwa na habari na pacha. Alikuwa na hasira. Saa moja kamili aliingia maktaba akamkuta Zaina Shechonge, msichana wa kidato cha tatu, ameshakaa mbele ya kioo kikubwa cha Jamvi, viatu vimejaa tope, anafuta. Kurasa zilikuwa zinaondoka moja baada ya nyingine. "Vidudu vya kabichi." "Kuhifadhi mbegu kwenye jivu." "Mvua alizoziona bibi yangu." Kazi ya miaka mitatu ilikuwa inakwenda na maji kwa kidole kimoja.

"We mtoto! Koma!" Hidaya alimdaka mkono. "Unafanya nini?"

"Nazitoa, Mwalimu. Kabla hazijaua shamba lingine."

"Nani kakwambia zinaua?"

"Kila mtu." Zaina hakuwa analia, alishamaliza kulia nyumbani. "Jana sokoni mama mmoja wa Kwemlinga Juu alininyooshea kidole. Akawaambia wenzake, yule pale, mtoto wa bondeni, ndiye kaozesha maharage yetu. Mama yangu alikuwa hapo hapo na karoti zake. Hakuna aliyezigusa mpaka jioni."

Hidaya alivuta kiti akakaa. Moyo ulimuuma, akautuliza kwa kukunja mikono ya gauni lake, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kuosha vyombo vingi.

Jamvi lilikuwa kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote mlimani. Shule kumi na moja ziliandika mahali pamoja kwenye mtandao, kila mwanafunzi akileta alichokijua au alichokiuliza nyumbani kwao. Mmoja huandika, wa shule ya pili husahihisha, wa tatu huuliza "umejuaje?", na swali likabaki pembeni pale, linamwangalia mwandishi, mpaka lijibiwe. Ukurasa uliopitiwa na shule tatu hupata muhuri. Na tangu miaka sita nyuma, ukurasa wenye muhuri haukusomwa na watu peke yao. Malango ya maji kwenye mifereji yote ya mlimani, vyuma vyenye jicho dogo na akili ya kiasi chake, yaliamka kila alfajiri, yakaonja udongo, yakasoma Jamvi, ndipo yakafungua au yakafunga. Kampuni moja ya mjini ilikuwa na mtambo wake wa kutabiri, ikaja na vipeperushi vya rangi na soda za bure. Wakulima walikunywa soda, kisha wakapiga kura kuchagua watoto wao.

Vuli hii, siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza, lango la Kwemlinga Juu lilifunguka. Bondeni, ambako kuna joto, siku ya tatu ndiyo yenyewe. Lakini kule juu udongo ni baridi. Mbegu ya maharage inataka kuachwa siku tisa kabla ya kuongezewa maji, la sivyo inavimba na kufa. Kaya thelathini na mbili zilifukua matuta zikakuta uji. Na ukurasa ambao lango liliusoma ulikuwa na jina la Zaina juu yake.

"Na ni kweli niliandika siku ya tatu," Zaina alisema. "Nakumbuka kabisa. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu ni bondeni, nawe uliandika ya bondeni. Kuna mtu kauvuruga ukurasa wako, na mimi leo hii nitamjua. Siku za mwizi ni arobaini. Kaa hapo, usiguse kitu."

Hakuwa anajigamba bure. Mwanafunzi na mkulima huliona Jamvi upande wa juu tu. Mkutubi ana ufunguo wa kuligeuza, akaona upande wa chini, ambako kila neno lina uzi wake: nani kaliweka, lini, kalitoa wapi. Hidaya aliweka kidole gumba kwenye kioo, Jamvi likageuka, naye akaanza kufuata nyuzi, midomo imebana.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa Zaina. "Maharage ya vuli: siku za maji." Siku ya tatu, na pembeni kawataja mashahidi wake, babu yake na wazee wawili wa bondeni. Vizuri. Uzi wa pili ulikuwa wa mwanafunzi wa shule ya kule juu, kichwa kile kile, siku ya tisa, hakumtaja shahidi hata mmoja. Haya. Kisha ukaja mshono. Mtu alizikuta kurasa mbili zenye kichwa kimoja, akaziona pacha, akazishona zikawa moja. Akabakiza siku ya tatu kwa kuwa ina mashahidi, akaitupa siku ya tisa. Muhuri ukahamia kwenye ukurasa ulioshonwa, jina la Zaina likabaki juu, na malango yote mlimani yakausoma. Chini ya mshono zilikuwepo herufi mbili ndogo: H.S.

Hidaya alizisoma mara tatu. Hata siku yenyewe aliikumbuka. Ilikuwa Ijumaa, chai ya tangawizi mkononi, kurasa pacha mia na arobaini zimepungua kabla ya adhuhuri, naye akajipongeza kwa andazi la pili.

"Umemwona, Mwalimu?" Zaina aliuliza.

Hidaya alilirudisha Jamvi upande wa juu.

"Bado," alisema.

Ulikuwa uongo, na ulitoka kirahisi mno mpaka ukamtisha mwenyewe.

2

Mkuu wa shule, Mwalimu Gervas Mdoe, alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alimsikiliza Hidaya mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akainuka akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Huo mshono una siku ngapi?" Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

"Leo ni ya arobaini."

Mdoe alishusha pumzi. Mshono wa mkutubi hukaa wazi siku arobaini ili wenzake wa shule nyingine waukague. Ukipita bila pingamizi, Jamvi huulainisha lenyewe: nyuzi zinaungana, herufi zinafutika, na hata upande wa chini linabaki jina la mwandishi tu. Waliotunga utaratibu huo walitaka kupunguza mzigo wa kumbukumbu, hawakuwaza zaidi ya hapo.

"Basi mshukuru Mungu," alisema. "Saa tisa alasiri hakuna mshono."

"Na Zaina?"

"Zaina ni mwanafunzi. Anafungiwa kuandika miaka mitatu, jina lake linapigwa wekundu, anamaliza shule, anaolewa, anasahau. Lakini kosa la mkutubi ni Kanuni ya Kumi na Moja, na hiyo unaijua kuliko mimi."

Aliijua, kwa sababu alikaa kwenye kamati iliyoiandika. Mkutubi akikosea katika kushona, malango yanaacha kulisoma Jamvi lote la mlima, si ukurasa mmoja. Msimu mzima yanakuwa vyuma tu, na mwisho wa msimu wakulima wanapiga kura upya: Jamvi, au mtambo wa mjini.

"Na unadhani watatuchagua?" Mdoe aliuliza. "Baada ya kusikia kwamba mkutubi mkuu mwenyewe, mama wa Jamvi, ndiye kaozesha? Watu wa kampuni watakuja na soda kreti kwa kreti. Nipimie, Hidaya. Mtoto mmoja kwa miaka mitatu, au watoto elfu tano moja kwa moja? Mimi sina shamba huko juu, sitafuti cheo. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima."

Hilo ndilo lililomkaba, maana hoja ya Mdoe haikuwa ya kipuuzi. Hidaya aliikumbuka Kwemlinga ya kabla ya Jamvi. Mtoto hakuwa na la kumwuliza babu yake ila ruhusa ya kwenda mpirani, na babu hakuwa na la kumjibu ila hapana. Siku hizi mabibi wanasukwa nywele huku wanahojiwa. Kuna wazee walioanza kunyoa ndevu kwa sababu watoto wa kidato cha kwanza wanakuja na kamera. Yote hayo yangeweza kufa kwa ajili ya andazi la pili.

"Saa nane Bwana Luhende wa Baraza la Jamvi anapiga simu," Mdoe aliendelea. "Atauliza kama shule inapinga mtoto kufungiwa. Mjibu maneno matatu: shule haina pingamizi. Usidanganye, usiongeze, usipunguze."

"Nitakujibu kabla ya saa nane."

"Hidaya."

"Nimesema nitakujibu, Mwalimu Mdoe!"

Alitoka akaubamiza mlango, kisha akarudi akaufungua na kuufunga taratibu, kwa kuwa alilelewa vizuri.

3

Nje alimkuta Zaina anamsubiri, ameshika kopo la mbegu kwa mikono miwili.

"Mama kanituma kwa Mama Kaniki, mwenyekiti wa mfereji wa juu," alisema. "Nikaombe radhi. Mbegu hizi ni zetu, za kupunguza hasara. Lakini Baba yuko Tanga na Mama anaona haya kupanda huko. Nahitaji mtu wa kunisemea, Mwalimu. Nakuomba uwe wewe."

Huko Kwemlinga, mkosaji haendi kuomba radhi peke yake. Huenda na mtu mzima wa kumsemea, na huyo ndiye husema kwanza, mkosaji akiwa amepiga magoti na macho yako chini. Kumkatalia mtu aliyekuomba umsemee ni kumwambia hadharani kwamba hastahili kusamehewa. Hidaya aliliangalia lile kopo. Lilikuwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha kanga.

"Twende," alisema.

Njia ya juu ilikuwa na utelezi, na Hidaya alikuwa na miaka hamsini na moja na magoti yenye maoni yake. Zaina alitangulia, akisimama kila kona kumngoja. Alipoona mwalimu wake amenyamaza sana, akaanza kuongea ili kumchangamsha, maskini.

"Nimeshaamua, Mwalimu. Kuandika basi. Nitakwenda kwa shangazi yangu Korogwe, ni fundi cherehani. Ushonaji hauna madhara. Ukikosea unafumua."

"Usiseme hivyo."

"Kweli lakini. Kitambaa hakina watoto wanaosubiri kula."

Hidaya alisimama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Shamba la Mama Kaniki lilikuwa matuta saba yaliyopanda mlima kama ngazi. Mwenyewe walimkuta kwenye tuta la nne anafukua. Alikuwa mama mrefu, mikono mirefu, sauti kavu. Alipowaona alilisimamisha jembe, akaegemea mpini, hakusogea. Hidaya alimwamkia, wakasalimiana kwa adabu zote, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za magoti. Kisha Zaina akaweka kopo chini na kupiga magoti kwenye tope, pale pale mfereji ulipomwaga maji, akainamisha kichwa.

Maji ya baridi yaliingia kwenye soksi zake za shule. Hidaya aliyaona yanavyopanda.

"Haya, msemaji," alisema Mama Kaniki. "Sema."

Kuna maneno ya kuanzia, na Hidaya aliyajua tangu utotoni. "Nimekuletea aliyekosa," alianza. Yanayofuata ni kwamba mtoto ni mtoto, akinyea mkono haukatwi, na sisi sote tulikosea tulipokuwa na umri wake. Aliyatafuta, akayapata, yakawa tayari kwenye ulimi. Akakitazama kisogo cha Zaina, nywele zimesukwa kwa haraka upande mmoja, pengine na mama aliyekuwa anatetemeka kwa hasira za soko.

"Nimekuletea aliyekosa," alirudia, "na aliyekosa ni mimi. Zaina, inuka. Inuka utoke kwenye maji!"

Hakuna aliyejongea, kwa hiyo akamshika kwapani na kumwinua kwa nguvu, karibu waanguke wote wawili. Kisha akasema yote akiwa amesimama, bila kupamba. Kurasa zilikuwa mbili. Wa bondeni aliandika ya bondeni, wa juu aliandika ya juu, na watoto wote wawili walikuwa sahihi. Yeye mkutubi aliziona zinafanana vichwa, akazishona bila kuuliza zinakaa wapi, akaitupa siku ya tisa kwa sababu mtoto wa huku juu hakutaja mashahidi.

"Mashahidi gani?" Mama Kaniki aliuliza. "Huku nani asiyejua siku ya tisa? Ni kama kutaja mashahidi kwamba jua linachomoza."

"Ndiyo maana hakuwataja. Sasa naelewa."

"Na haya umeyajua lini?"

"Leo asubuhi. Saa moja."

Mama Kaniki alitazama jua. "Sasa ni saa tano."

"Ni saa tano, ndiyo."

"Kwa hiyo muda wa saa nne mtoto huyu amebeba mzigo wako, amepanda nao mlima, na wewe uko nyuma yake unamwangalia."

"Ndiyo," Hidaya alisema. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Zaina alikuwa amesimama pembeni, magoti meusi kwa tope. Hakushukuru wala hakulia. Alimtazama mwalimu wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Nilikuuliza kama umemwona. Ukaniambia bado."

"Nilikudanganya."

"Nilikuuliza vizuri kabisa, Mwalimu."

"Uliniuliza vizuri. Mimi ndiye niliyejibu vibaya. Nisamehe, mwanangu."

Zaina hakusema kama amesamehe. Aliokota kopo lake na kulipangusa kwa sketi.

Mama Kaniki aliupandisha mpini wa jembe begani. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa inazunguka ikitafuta pa kutua. "Nami nilikuwepo," alisema ghafla. "Siku lile lango linafunguka nilikuwa nimesimama hapo hapo lilipo. Nikasema, makubwa! Siku ya tatu si yetu hii."

"Lango lina mpini," alisema Hidaya. "Lingefungika kwa mkono."

"Najua lina mpini, niliupachika mimi! Nikaushika, nikauachia. Nikajiambia, watoto wamesoma, wewe Mama Kaniki umesoma nini? Na ningemwambia nani? Jamvi lenu lina pahala pa mwanafunzi, lina pahala pa mwalimu, pa mkaguzi. Hata lango lina jicho la kusomea. Pangu mimi ni wapi?"

"Hatukukuwekea," alisema Hidaya, aliyelitetea Jamvi miaka sita mbele ya wakubwa wa kila aina.

"Basi," alisema Mama Kaniki. "Wewe mtoto, rudisha mbegu kwenu, mama yako atazihitaji. Na wewe, mkutubi, Jumamosi uje na jembe. Matuta ni saba."

4

Saa nane kamili sura ya Bwana Luhende ilitokea kwenye kioo cha ofisi, nyuma yake kuna ukuta mweupe na ua la plastiki. Mdoe alikaa kando, amejifuta uso mpaka leso imelowa.

"Shule ina pingamizi au haina?" Luhende aliuliza, kalamu tayari.

"Ina pingamizi," alisema Hidaya. "Naomba mshono namba elfu moja mia tisa na tatu usilainishwe. Ubaki wazi, na uonekane upande wa juu pia, kwa kila msomaji. Ni wangu. Nilishona kimakosa, na mwanafunzi Zaina Shechonge hana hatia hata chembe."

Mdoe alifumba macho. Luhende aliiweka kalamu chini.

"Bi Hidaya, Kanuni ya Kumi na Moja unaielewa?"

"Niliiandika, Bwana Luhende. Aya ya pili imekosa nukta, mniwie radhi."

"Malango yote ya mlima yatanyamaza kuanzia kesho. Na ufunguo wako unafungwa sasa hivi, wala si mimi ninayeufunga, mfumo unafunga wenyewe."

"Najua. Na mimi nina ombi la kuandikwa. Mshono wowote wa mkutubi usilainishwe tena, iwe siku arobaini au miaka arobaini. Na Jamvi lifunguliwe pahala pa mkulima kuandika, si kusoma tu. Kama Baraza litakataa, likatae kwa maandishi."

Luhende aliiokota tena kalamu. Alikuwa mtu wa ofisini lakini hakuwa mtu mbaya. "Nitaliandika," alisema, na sura yake ikapotea.

Hidaya aliweka kidole gumba kwenye kioo, kwa mazoea tu. Siku zote kioo kilimjibu, "Karibu, mkutubi." Safari hii kilisema, "Karibu, msomaji." Aliondoa kidole akakifuta kwenye gauni.

"Umetumaliza," Mdoe alisema. "Kesho milima yote haina lango hata moja linalofanya kazi."

"Yana mipini, Mwalimu Mdoe. Wapigie wakuu wenzako wawakumbushe wazee."

Mdoe alimkodolea macho. Kisha, akiguna kama mtu anayebeba gunia lisilo lake, akaivuta simu na kuanza kupiga, na sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde ikarudi. Shule ya mwisho kupigiwa haikuhitaji simu.

5

Jumamosi Hidaya alilima matuta mawili na nusu. Mama Kaniki alimalizia yaliyobaki huku akimcheka kwa sauti, akasema wakutubi wanashika jembe kama wanashika nyoka. Mlimani kote watu walikuwa wanapanda mifereji alfajiri kufungua malango kwa mikono, wakitukana njiani, wakiulizana siku, wakibishana. Watu wa kampuni walishaonekana na gari lao la rangi. Soda zilikuwa baridi, na ilisemekana safari hii kuna na biskuti.

Jumatatu baada ya vipindi, mlango wa maktaba ulifunguliwa. Aliingia Mama Kaniki katika kanga ya kutokea, nyuma yake majirani wanne, na nyuma ya majirani, Zaina. Tangu Jumatano Zaina hakuwa amekanyaga maktaba. Alimwamkia Hidaya, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa, akaangalia rafu.

"Kura ni mwisho wa msimu," Mama Kaniki alitangaza, "na mimi sijaamua. Soda yao nimekunywa. Lakini nimesikia Baraza limefungua pahala pa wakulima, kwa majaribio. Kabla sijaamua nataka nipaone hapo pahala pangu. Nimemwomba mtoto huyu anifundishe, kanikubalia."

"Kwanza ukurasa wenyewe, Mama," alisema Zaina. "Mkutubi wa shule nyingine ameshaufumua. Sasa ziko mbili, wa bondeni na wa juu. Lakini haziwezi kufunguliwa kwa watu mpaka mwandishi aandike juu yake kilichotokea. Na mwandishi ni mimi."

Alikaa mbele ya kioo. Majirani wakavuta viti. Hidaya, aliyekuwa sasa msomaji kama wasomaji wengine, alibaki amesimama nyuma yao na miwani ameisahau mezani. Vidole vya Zaina viliandika upesi, kisha vikasita.

"Umeandika nini?" Hidaya aliuliza.

"'Kurasa hizi mbili ziliunganishwa kimakosa.'"

"Na nani?"

"Inatosha hivyo, Mwalimu."

"Haitoshi. Miaka ishirini ijayo mtu atasoma, ataona jina lako peke yake juu, atadhani ni wewe. Andika na nani."

"Mwalimu, siwezi kukuandika wewe hapo. Watasoma shule zote. Watasema sina adabu."

"Adabu nakufundisha mimi, na ninakwambia andika. Na Hidaya Shekulwavu, mkutubi wa Kwemlinga. Shekulwavu lote, usiruke herufi, nina shangazi zangu wanaosoma Jamvi."

Mmoja wa majirani alicheka. Zaina aliandika polepole, herufi moja moja. Alipomaliza alitulia, mikono mapajani, akafikiri. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainua mikono akaongeza mstari mwingine.

"Umeongeza nini hapo?" Hidaya aliuliza, akikunja macho. Kwake yalikuwa mawingu tu.

Mama Kaniki ndiye aliyesogea kwenye kioo, akaweka kidole chini ya maneno na kuyasoma kwa sauti yake kavu, bila haraka, kama mtu anayepima mbegu.

"'Alinyamaza muda wa saa nne. Kisha akasema mwenyewe.'"

Zaina aligeuka kwenye kiti, akamtazama mwalimu wake tena usoni, akisubiri.

Hidaya angeweza kuzijadili zile saa nne. Alikuwa na ya kusema kuhusu Mkuu wa shule, kuhusu watoto elfu tano, kuhusu njia yenye utelezi. Badala yake aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha Zaina.

"Ni sahihi," alisema. "Weka."